Mhuri wa Ijumaa

Tuanze na mhuri, maana bila huo mhuri hawa wawili wangekuwa mpaka leo wanasalimiana dirishani tu, habari za asubuhi, njema, basi, kila mtu na njia yake. Ulikuwa mhuri wa chuma wenye mpini mweusi uliolainika kwa kushikwa, na tumboni mwake mlikuwa na mikanda midogo ya mpira yenye namba na majina ya miezi. Kila asubuhi mwenye mhuri aliigeuza mikanda hiyo kwa ncha ya kalamu, akaugonga mara moja kwenye karatasi chakavu, akahakikisha tarehe, ndipo akagonga karatasi ya kwanza ya siku kwenye dirisha la masjala. Karatasi iliyoletwa mahakamani ilikuwa haijazaliwa mpaka igongwe. Ikishagongwa, tarehe yake ya kuzaliwa ni hiyo, na hakuna wa kubisha.

Mwenye mhuri alikuwa dada mmoja wa miaka thelathini na mbili. Mawakili walimwita Dada Mhuri, naye aliitika bila kununa. Usimwone alivyokuwa mdogo wa umbo na mwenye sauti ya chini ukadhani ni wa kuchezewa. Wakili akija na gari refu na tai ya hariri, karatasi yake ikiwa haina sahihi, alirudishiwa palepale pamoja na kijikaratasi cha manjano kilichoandikwa "Kasoro" kwa mwandiko uliosimama wima. Ukurasa wa nne haupo. Jina la mdai limeandikwa namna mbili. Maneno ya ziada hakuwa nayo. Waliokuja juu walipoa wenyewe, kwa sababu ukigombana na dirisha kesho utarudi kwenye dirisha lilelile.

Miaka minane alikaa hapo bila doa. Mkuu wa masjala, ambaye kwa kupenda kwake kukagua kila nukta na kila mkato walimwita Mzee Nukta, alimwambia siku ya kwanza kwamba mhuri ni mdomo wa mahakama, na mdomo huo ukisema uongo mara moja umekwisha. Karani aliyemtangulia alimrudishia rafiki yake tarehe siku mbili nyuma, na jioni ileile alibeba kikombe chake cha chai akaenda zake moja kwa moja. Dada Mhuri alirithi kiti chake, na ule msumari ukutani aliokuwa akitundikia kikombe.

Sasa wakili. Huyu naye walimwita Polepole, na wala hawakumsingizia. Alizungumza kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, jiwe moja, kisha lingine. Dirishani alisoma tena kila ukurasa kabla ya kuukabidhi, huku waliopanga foleni nyuma yake wakisonya. Joho lake lilikuwa limepauka mabegani, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu. Lakini kulikuwa na habari moja juu yake ambayo Dada Mhuri aliitunza moyoni. Siku moja, katikati ya kesi aliyokuwa akielekea kushinda, Polepole alisimama akamwambia jaji kwamba kifungu alichokisoma jana yake kilikuwa kimeshafutwa, yeye hakujua, na anaomba kisihesabiwe. Wenzake walimcheka mpaka kwenye korido. Dada Mhuri hakucheka. Alirudi kwenye kiti chake akajisemea, mwanaume ndiye huyu.

Walisali kanisa moja. Dada Mhuri aliongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya. Polepole alikaa benchi la tatu kutoka nyuma, akiimba kwa moyo wote na kwa sauti isiyokuwa na habari na wimbo. Miaka miwili dada wa watu alimpenda hivyo, kimyakimya, na aliyeambiwa alikuwa Mungu peke yake. Sala yake ilikuwa fupi: Bwana, kama ni wangu mfungue macho, na kama si wangu mhamishie mahakama nyingine nipumzike. Majibu hayakuja, na Polepole akaendelea kuja dirishani.

Mama yake, mkunga mstaafu mwenye ulimi usiostaafu, aliona dalili zote bila kuambiwa. "Mawakili ni watu wa kukodisha maneno," alimwambia huku akichambua mchele. "Wakili akikwambia anakupenda, muulize kwanza, kwa niaba ya nani?" Halafu alicheka peke yake mpaka akajifuta machozi, na binti yake akajifanya anatafuta kitu jikoni.

Basi, Jumatatu moja Polepole alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alileta rufaa ya mama mmoja mjane, mshonaji wa sare za shule, ambaye mtaa mzima ulimjua kama Bi Cherehani. Mumewe alikufa, na mpwa wa marehemu akaibuka na hati inayosema nyumba aliuziwa yeye. Mahakama ya chini ikampa mpwa. Ilikuwa imebaki rufaa hiyo tu, na Bi Cherehani akiikosa, basi yeye na vyerehani vyake vitatu ni barabarani.

Polepole alisoma kurasa zake zote kama kawaida yake. Alipozisukuma chini ya kioo alinyanyua macho, akasema, "Dada, jana mlipofika ubeti wa mwisho, ulivyopandisha ile sauti, nilisahau kuimba."

Jamani, mtu amengoja neno hilo miaka miwili. Masikio yalimwaka. Akasema asante, au alidhani amesema, akashika mhuri kwa mkono usiokuwa na mwenyewe, akagonga nakala tatu, pa, pa, pa, akaandika kwenye rejesta, akamrudishia nakala zake mbili. Nakala ya jalada ikapandishwa juu kwa jaji na mhudumu wa zamu. Kwenye foleni akafuata tarishi wa ofisi moja kubwa ya mawakili, mtu wa mizaha, akatazama karatasi yake ilivyogongwa, akauliza kama mahakama imeamua kurudia Ijumaa. Dada Mhuri akatazama. Mikanda hakuigeuza. Karatasi chakavu ya majaribio ilikuwa mezani, safi, haijaguswa.

Aliigeuza upesi, akamgongea tarishi upya, akacheka naye. Za Polepole alijua ni jambo la dakika tano: unakata mhuri usio sahihi kwa mstari mmoja, unatia sahihi pembeni, unagonga wa kweli. Kilichohitajika ni nakala zote tatu ziwe pamoja. Saa ya chakula cha mchana alipaka mafuta midomo, akajiambia ni kwa ajili ya jua, akapanda ngazi za juu ya duka la viatu.

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi, majalada yamefungwa kamba, kalenda moja ukutani. Alimweleza Polepole shida yenyewe huku akiomba radhi. Polepole akatabasamu, akatoa nakala yake, akaitazama. Tabasamu likaondoka kidogokidogo. Akaitungua kalenda ukutani, akaiweka mezani, akaanza kuhesabu kwa kidole. Alipomaliza alihesabu tena.

"Hukumu ilisomwa Jumatano," alisema. "Nakala yake nilipewa Ijumaa. Mimi nimehesabu siku thelathini tangu hiyo Ijumaa."

Dada Mhuri hakuhitaji kuambiwa zaidi, maana alishawaona mawakili wazima wakizama kwenye shimo hilohilo. Sheria huhesabu tangu siku hukumu iliposomwa. Siku thelathini za Polepole ziliishia Jumapili, na kwa kuwa Jumapili mahakama imefungwa, alikuja Jumatatu akiwa na amani yake. Siku thelathini za kweli zilikuwa zimeisha Ijumaa. Rufaa ya Bi Cherehani ililetwa imechelewa, na mhuri uliosahauliwa ulikuwa umeisukuma ndani kwa siku ileile ya mwisho. Kosa la mmoja lilikuwa limelifunika la mwenzake, na nje ya chumba kile hakuna aliyejua. Rejesta ilisema Jumatatu kwa mwandiko wake, lakini nani hufungua rejesta wakati mhuri umeshasema?

Laiti angebaki masjala anakula mkate wake. Ndivyo alivyowaza, na tusimlaumu. Alimwona Bi Cherehani barabarani na vyerehani vyake, akauona na ule msumari wa kikombe. Nani angeamini kwamba karani aligonga tarehe ya uongo kwa bahati mbaya, tarehe hiyohiyo iliyohitajika, kwa wakili anayesali naye kanisa moja? Ulimi ukamponyoka. "Wakili, mhuri umeshagongwa."

Polepole hakukasirika. Akasema, "Nikinyamaza, kila nitakaposimama kumtetea huyu mama nitakuwa nimesimama juu ya Ijumaa ambayo haikuwepo. Sitaweza kusema neno lingine la kweli juu yake." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba anaogopa. Alisema hivyo hivyo, anaogopa sana. Dada Mhuri alimheshimu zaidi kwa hilo neno la pili kuliko la kwanza, kwa sababu mashujaa wasioogopa wako wengi midomoni tu.

Waliomba pamoja, wamekaa, kalenda katikati yao. Polepole aliomba vilevile anavyozungumza. Hakuomba waokolewe. Aliomba wasipate usingizi mpaka watengeneze walichoharibu. Dada Mhuri akaitikia amina huku akijua kabisa usingizi wake umeshaondoka.

Jioni, baada ya kazi, walikwenda wote kwa Bi Cherehani, maana Polepole alisema mwenye nyumba ndiye wa kwanza kuambiwa. Walimkuta ana chaki sikioni na futi ya kitambaa shingoni, ameinamia suruali ya mtoto wa shule. Polepole akaeleza yote, pamoja na kwamba anaweza kuomba muda uongezwe, na kwamba majaji wengi hawapendi kumwongezea muda mtu kwa sababu wakili wake hajui kuhesabu.

Bi Cherehani alimtolea maneno ambayo sitayarudia hapa. Alimuuliza shule alisomea nini, na kama vidole vyake vina kasoro aende hospitali wakavitazame. Alipochoka alikaa, akaivuta ile suruali, akautazama mshono wake. Macho yalikuwa na machozi, lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Mimi nikikosea kipimo, sipigi pasi juu yake mteja asione," alisema. "Itavaliwa, itajikunja, itaniumbua. Nafumua. Kwa hiyo fumua, baba. Na safari hii upime mara mbili."

Siku mbili baadaye Polepole alifika dirishani na maombi ya kuongezewa muda. Pamoja nayo kulikuwa na hati ya kiapo, ile karatasi ambayo mtu huandika anachokijua na kuapa kwamba ni kweli. Dada Mhuri aliisoma yote, na safari hii foleni ilimsonya yeye. Aya ya kwanza mpaka ya sita, Polepole alijivua nguo hadharani: kosa ni lake, hesabu ni yake, mama wa watu hana hatia. Aya ya saba ilisema mhuri ulionesha Ijumaa "kwa sababu ambazo mimi sizijui."

Alirudia kuisoma. Akaelewa. Mtu huyu aliyekataa kunyamaza ili kuokoa kesi yake, alikuwa amedanganya kwa mstari mmoja ili karani asiguswe. Moyo ulimjaa mpaka ukauma. Angeweza kulia pale pale kwa furaha, kwa sababu ile aya ya saba ilikuwa barua ya mapenzi, hata kama imepigwa chapa na kufungwa kwa pini. Na angeweza kuigonga. Pa, mara moja, na kazi yake ingesalimika.

Akavuta kijikaratasi cha manjano. Akaandika: Kasoro. Aya ya saba si kweli. Akakisukuma chini ya kioo pamoja na hati.

"Siipokei hii," alisema.

Polepole alisoma kijikaratasi, akanyanyua uso. "Dada, watakufukuza."

"Sababu unazijua. Mimi mwenyewe nilikuja kukwambia." Akasogea karibu na kioo. "Usianze kusema uongo kwa ajili yangu, Wakili. Mimi nilichokupendea," na hapo akajiona anakwenda pabaya, akageuza, "watu wote humu wanachokuheshimia ni hicho kimoja. Ukikipoteza kwa sababu yangu, nitakuwa nimekuibia."

Nyuma ya wakili, tarishi wa mizaha alikuwa amekaa kimya, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Polepole akachukua karatasi zake. Mchana alirudi na aya ya saba mpya, iliyoeleza kila kitu kama kilivyokuwa. Dada Mhuri akaigonga kwa tarehe ya siku ile, akaikausha kwa kupepea. Kisha akafunga dirisha, akatoa hati yake mwenyewe ya kiapo aliyokuwa ameiandika usiku uliopita, akaenda nayo kwa Mzee Nukta, na mhuri mkononi.

Mzee Nukta alisoma, na kwa desturi yake alisahihisha mkato mmoja. Halafu akavua miwani. Hakumfokea, na afadhali angemfokea. Alisema aliamini mhuri ule angestaafu nao. Akautia kwenye droo yake, akafunga kwa ufunguo, akamwambia akae stoo ya majalada ya zamani mpaka jaji atakapoamua. Dada Mhuri akarudi masjala, akatungua kikombe chake msumarini, akashuka nacho ngazi.

Kule chini alikaa wiki mbili, yeye na majalada ya watu waliokwishakufa na ugomvi wao. Alipiga vumbi, alipanga, aliomba. Nyumbani mama hakufanya mzaha hata mmoja, na hilo lilimtisha kuliko yote. Usiku mmoja tu mama alimuuliza kama huyo wakili ameshamwambia lolote. Akajibu hapana. Mama akasema, "Na wewe je?" kisha akazima taa bila kungoja jibu.

Siku ya kusikilizwa, chumba kilijaa. Habari ilikuwa imekwishatembea, na watu wa mahakamani wanapenda kisa kama watu wengine wote. Jaji alikuwa mama mmoja mwenye mvi fupi, asiyependa maneno marefu. Upande wa mpwa alisimama wakili mkongwe waliyemwita Msumeno, kwa sababu alikukata akienda na akakukata akirudi. Bi Cherehani alikaa mstari wa mbele, futi ya kitambaa bado iko shingoni, ameisahau.

Msumeno alikwenda moja kwa moja. Alisema hadithi hii ni tamu mno. Wakili amechelewa, na siku hiyohiyo, kwa karatasi hiyohiyo, mhuri ukapata usahaulifu? Hapa kuna watu wawili waliopanga jambo, wakaogopa rejesta, wakaamua kuwahi kutubu. Akaomba amhoji karani.

Dada Mhuri akapanda kizimbani. Akanyanyua mkono wa kulia, akaapa mbele za Mungu kwamba atasema kweli tupu. Alishawaona mamia wakiapa hivyo. Yeye kizimbani ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Miaka minane hujasahau kugeuza mhuri," Msumeno alisema. "Siku hiyo ulisahau. Kwa nini?"

Kwenye hati yake alikuwa ameandika tu kwamba alisahau. Ilikuwa kweli, ila ilikuwa kweli iliyovaa koti. Sasa aliulizwa kilichomo ndani ya koti. Alimwangalia Bi Cherehani.

"Wakili aliniambia nimeimba vizuri kanisani," alisema.

Chumba kikacheka. Jaji akagonga meza kwa kalamu. Msumeno naye alitabasamu, akauliza kama sifa ya wimbo inaweza kumsahaulisha karani mzoefu leo ni siku gani.

"Inategemea anayesifu," alijibu Dada Mhuri, na wakacheka tena, lakini yeye hakuwa anafanya mzaha.

Msumeno akaacha kutabasamu. Alisogea karibu. Akauliza kama wana uhusiano. Akajibiwa hapana, wanasali kanisa moja, hajawahi kupigiwa naye simu isiyo ya kazi. Akauliza kama kuna ahadi yoyote kati yao. Hakuna. Kisha akauliza lile ambalo pengine lilimtoka tu, kwa mazoea ya kukata.

"Unampenda?"

Polepole alianza kuinuka kupinga, lakini kwa mwendo wake ule, alipofika nusu ya safari jibu lilikuwa limeshatoka.

"Ndiyo," alisema Dada Mhuri. "Miaka miwili sasa. Yeye hakujua mpaka hivi ninavyosema. Ningempenda kidogo tu, ningeugeuza ule mhuri."

Hakuna aliyecheka. Alikuwa amesema jambo ambalo hakulisema hata kwa mama yake, mbele ya chumba kizima, kwa sababu aliapa na nyumba ya mtu ilikuwa inangoja. Aibu ilimpanda mpaka utosini, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kilichonyooka, na akasimama nacho. Msumeno alirudi mezani kwake. Akakunja karatasi zake, akasema hana swali zaidi kwa shahidi huyu.

Jaji akamgeukia Polepole, akamuuliza kama ana lolote la kumuuliza shahidi. Polepole alikuwa bado amesimama nusu. Akamalizia kusimama. Joho limepauka, mikono imeshika ukingo wa meza.

"Mheshimiwa," alisema, jiwe moja, kisha lingine, "swali ninalo. Ila si la mahakama hii."

Uamuzi haukuchukua muda. Jaji alisema mawakili wasiojua kuhesabu siku amewaona wengi, na wengi amewafungia mlango. Lakini hapa mahakama yenyewe ilikuwa imeshaipokea Ijumaa ya uongo, na waliokuwa na uwezo wa kuifichua ni hawa wawili tu, na kila mmoja alikuwa na cha kupoteza. "Nikimfungia huyu mama mlango kwa sababu watu wake wamesema kweli," alisema, "nitakuwa nimewafundisha waliobaki kunyamaza." Akaruhusu rufaa iingie, kwa tarehe yake halisi ya Jumatatu. Kuhusu karani, alisema hilo ni la mkuu wa masjala, ila yeye binafsi angependa karatasi zake ziendelee kugongwa na mtu anayeogopa kiapo.

Bi Cherehani alitoka nje analia na kucheka, akampima Polepole mabega kwa ile futi palepale kwenye korido, mbele za watu, kwa sababu alisema hawezi kutetewa na joho la namna ile. Rufaa yenyewe ilisikilizwa miezi kadhaa baadaye, hati ya mpwa ikaonekana kuwa ya kughushi, na vyerehani vitatu vikabaki mahali pake.

Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Siku ile Dada Mhuri alirudi stoo yake ya chini, maana hakuna aliyemwambia aende kwingine. Alikuwa anapanga majalada aliyokwishayapanga jana aliposikia viatu kwenye ngazi, taratibu, ngazi moja, kisha nyingine. Alijua ni nani, akaendelea kupanga kwa sababu hakujua mikono yake ifanye nini. Polepole alisimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, hakuwa amebeba karatasi yoyote.

Alianza mbali. Alisema amefikiri sana namna ya kuliweka swali lake, na kwamba kwa kawaida hujiandaa, na kwamba benchi la tatu kutoka nyuma alilichagua kwa sababu ukikaa hapo unaona kwaya yote lakini hasa upande wa kushoto. Angeendelea hivyo mpaka mahakama ifungwe.

"Wakili," Dada Mhuri alimkata, na machozi yalikuwa yanamtoka huku anacheka, "mimi nilishajibu, tena kwa kiapo. Sasa ni zamu yako."

Polepole akafikiri. Kisha pale pale, katikati ya vumbi na kesi za watu, akanyanyua mkono wake wa kulia.

Wiki iliyofuata Mzee Nukta alifungua droo yake, akamrudishia mhuri bila hotuba, akamwambia tu kwamba msumari wa kikombe umelegea na ameugongelea. Na Jumamosi yake Polepole alikwenda kwa yule mkunga mstaafu, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likakauka, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Alieleza nia yake kwa ukamilifu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa mbali. Binti alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, ameshika sufuria tupu.

"Maneno mazuri," mama alisema. "Sasa niambie, kwa niaba ya nani?"

Polepole hakuwa ameusikia ule mzaha hata siku moja. Alilichukua swali lile kwa uzito wote aliolichukulia kila swali maishani mwake, akalifikiria.

"Kwa niaba yangu mwenyewe, mama," alisema. "Hii ni mara ya kwanza."

Mama akamtazama. Kisha akageuka kuelekea jikoni, akamwambia binti yake aweke hiyo sufuria motoni, mgeni anakula.